Wasichana Waliokwenda Kambini Kupika

Binti aliyerithi meza yangu amenipigia simu mara tatu akitaka nimwandikie "uzoefu wangu katika kuhamasisha ushiriki wa wanawake na wasichana kwenye michezo". Anataka kurasa mbili, zenye mafanikio, changamoto na mapendekezo. Nimemjibu kwamba vitu vya aina hiyo nimeviandika miaka yote ya kazi yangu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kweli kutoka juu hadi chini. Sasa nimestaafu. Nipo nyumbani Tlawi, nina ng'ombe watatu na kipande cha maharage, sina bosi, na nitaandika ninavyotaka. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao ulikuwa wa kutajwa?

Nilianza kazi kama mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya Endagikot, miaka ile mitumba iliporuhusiwa tena na watu wakaacha kushona kiraka juu ya kiraka. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinitazama kuanzia miguuni akapanda taratibu mpaka kichwani, akasema, "Wewe ni mrefu. Utashika michezo." Huo ndio ulikuwa usaili. Akanikabidhi kipyenga kisicho na kokwa ndani, ambacho ukipuliza kinatoa pumzi tu, na ufunguo wa stoo. Stooni kulikuwa na mpira mmoja wa wavulana. Nikauliza wa wasichana uko wapi. Akaniambia nisubiri, huo wa wavulana ukichoka utakuwa wa wasichana. Alisema hivyo bila aibu yoyote, kama mtu anayeeleza utaratibu wa mvua.

Pete ya netiboli niliitengeneza kwa rimu ya baiskeli iliyokunjwa, nikaifunga kwenye mti wa mkaratusi. Kwa hiyo wasichana wa Endagikot walijifunza kulenga pete yenye umbo la yai, na walipokwenda kucheza mjini Mbulu kwenye pete ya duara waliona ni rahisi mno, wakashinda. Nilipongezwa kwa mbinu ya kisasa ya ufundishaji.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mwalimu Tluway, mzee mmoja mkali aliyekuwa amekimbiza watoto wa Mbulu tangu mimi sijazaliwa. Chokaa ya kuchorea uwanja ilikuwa inaibwa kila mwaka na kupakwa kwenye nyumba za watu wanaojulikana, naye alishachoka kuwasalimia hao watu huku akitazama kuta zao. Akanifundisha kutumia majivu. Unachekecha majivu ya jikoni, unayanyunyizia maji kidogo tu yasipeperuke, unachora mstari wa ndani kwanza. Uwanja unaupima kwa kamba ya ng'ombe iliyolowekwa na kunyooshwa siku nzima, maana kamba kavu inakudanganya. Saa ya kupimia mbio tulikuwa nayo moja wilaya nzima, na kitufe chake kilikuwa kinanasa, kwa hiyo ulikuwa unaisugua kwa mafuta ya taa asubuhi ya mashindano. Jambo lingine aliloniambia ni hili: "Usimtafute mkimbiaji uwanjani. Uwanjani utakuta watoto wa walimu. Nenda kisimani." Nililishika, na ndilo lililonifaa kuliko semina zote nilizohudhuria baadaye.

Na semina zilikuja. Nilipohamishiwa Katesh kuwa afisa michezo wa wilaya ya Hanang, ilikuwa ndiyo miaka ya miradi. Kila mwezi gari jeupe lilipanda na wageni wenye chati za karatasi na kalamu za rangi. Walitugawa katika vikundi, tukaandika vikwazo vinavyomzuia msichana kushiriki michezo, tukabandika ukutani, tukanywa soda. Kikwazo namba moja kila mara kilikuwa "mila na desturi kandamizi". Mwisho zilitolewa fulana zilizoandikwa MSICHANA ANAWEZA. Nina hakika hakuna msichana hata mmoja wa Hanang aliyewahi kuvaa fulana ile. Zilivaliwa na wenyeviti wa vijiji, na mmoja wao alizikwa nayo.

Mimi nilikuwa hodari kwenye semina. Mimi ni Mwiraqw wa Tlawi, binti wa mwinjilisti, nimekua kwenye nyumba ya bati na shamba la ngano, na niliposhuka kwenye tambarare za Hanang kwa Wabarbaig, wafugaji, nikaona wanawake wamevaa sketi za ngozi zenye nyuzi ndefu na bangili mpaka kwenye kiwiko, nilijua tayari nitaandika nini. Niliandika: "Wanawake wa eneo hili hawana sauti." Nilikuwa nimekaa wilayani siku tisa. Sentensi hiyo niliinakili kwenye kila taarifa, robo mwaka baada ya robo mwaka, mpaka mpiga chapa akawa anaipiga bila kutazama karatasi.

Vita yangu kubwa ikawa bukta. Nilishaamini kwamba wazazi wa bondeni, hao Wabarbaig, wanawazuia wasichana kwenda kwenye michezo kwa sababu ya bukta. Nikanunua bukta ndefu za mitumba kwenye gulio la Katesh, zinazofika magotini. Wakakataa. Nikaleta sketi pana. Wakakataa. Nikaleta suruali za mazoezi na fulana ya mikono mirefu, ungedhani tunawapeleka watawa kwenye mafungo. Wakakataa. Kila nilipouliza sababu, baba wa msichana aliangalia ng'ombe wake, akatema mate pembeni, akasema, "Mwalimu, ni mila." Nami nikarudi ofisini na kuandika mila.

Kambi zenyewe tuliziendesha hivi. Wiki mbili kabla ya mashindano ya mkoa tuliwakusanya wanafunzi bora wa wilaya katika shule moja ya pale Katesh, wavulana darasa hili, wasichana lile. Mwalimu Sulle alikuwa na mpira wa miguu, mimi netiboli na riadha. Orodha ya mahitaji ya kambi niliiandika mimi mwenyewe kila mwaka: unga, maharage, kuni, chumvi, magodoro. Kwenye mstari wa wapishi niliandika, "wasichana wapo". Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Niliikuta imeandikwa hivyo na aliyenitangulia, nami nikaona ina akili. Wasichana waliamka alfajiri kuchota maji na kukoroga uji, wakakimbia saa moja, wakarudi kusonga ugali wa watu sitini, mchana wakafua jezi za Mwalimu Sulle, jioni wakakimbia kidogo tena kama moshi ulikuwa umewatoka machoni. Wavulana walipumzika kwa ajili ya mechi. Halafu wasichana wakishindwa huko mkoani, nilikuwa nawaambia hawana ari.

Sasa mkoa wa Manyara ukaanzishwa. Tukatolewa Arusha, makao makuu yakawa Babati, na kila mtu akawa anatembea amejaa umuhimu kana kwamba mipaka imechorwa kwa ajili yake. Tukaambiwa mkoa mpya lazima uonekane. Shule moja ya bweni ya sekondari pale Babati ikatoa ahadi ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada: wasichana wawili wa shule za msingi watakaoongoza mbio za mita elfu moja na mia tano kwenye mashindano ya mkoa watapokelewa kidato cha kwanza na kusomeshwa mpaka wamalize.

Mwaka huohuo nilimwona Udagwenga. Nilikuwa narudi na pikipiki ya ofisi kutoka upande wa ziwa Balangida, kwenye ile tambarare nyeupe ya chumvi. Punda wa mtu alikuwa amekurupuka na madumu mawili ya maji mgongoni, anakimbia kama ameona fisi, na nyuma yake msichana wa miaka kama kumi na minne, peku, shuka limefungwa kiunoni. Nilisimamisha pikipiki nikawasha saa. Hakumfukuza punda kwa fujo kama watoto wengine wafanyavyo. Alikwenda naye sambamba kwa mbali, bega limelegea, mdomo ameufumba, akamzungukia taratibu mpaka punda mwenyewe akachoka. Alipomshika, kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua kama maji yamemwagika. Katika miaka yote sikuwa nimeona miguu ya aina ile.

Alikuwa darasa la saba. Baba yake, Mzee Gidamaro, nilimwendea mara tatu. Kwanza nilipita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, nikaenda na mwalimu mkuu wa shule yake, kila hatua kwa barua yenye muhuri, kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza mzee alisema atafikiri. Mara ya pili alisema mila. Mara ya tatu mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniambia kuna familia imeshaleta asali ya posa pale nyumbani, na kama msichana hatapata shule baada ya mtihani, ataolewa kabla ya mvua za vuli. Wote tulijua shule ile ilikuwa imefaulisha mtoto mmoja tu kwa miaka mitatu.

"Mzee Gidamaro," nikamwambia, "akishinda Babati anapata shule. Unaelewa?"

"Naelewa, mwalimu."

"Sasa unakataa nini? Nguo? Atavaa anachotaka."

Akatazama ng'ombe. "Nguo siyo kitu," akasema. "Ni mila tu."

Niliondoka nimekasirika. Langoni pa boma mama yake Udagwenga alikuwa amesimama na dumu. Nilikuwa nimempita mara tatu na kumrushia "habari za hapa" bila kungoja jibu. Safari hii hakusogea, kwa hiyo ikabidi nizime pikipiki.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, ingawa tulikuwa rika moja. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa ananikejeli.

"Marahaba, mama."

"Wewe unakuja hapa mwaka wa ngapi sasa? Unaongea na wanaume, unaondoka. Sisi tunaona vumbi lako tu."

Nikamwambia ndiyo utaratibu, mkuu wa kaya ni baba.

Alicheka mpaka akaweka dumu chini. "Huyu baba hana la kusema. Hili shauri tulilikata sisi wanawake."

Hapo ndipo nilipoelezwa, nikiwa mtu mzima, afisa wa serikali, mwenye vyeti vya semina kumi na nane, kitu ambacho kila mtoto wa bondeni anakijua. Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao. Wanakaa peke yao, mwanamume hasogei. Mwanamume akimkosea mwanamke kwa namna inayowagusa wanawake wote, wanamhukumu, na faini ni ng'ombe. Anatoa. Asipotoa wanamlaani, na sijasikia aliyesubiri kuona kama laana ni ya kweli. Hawa ndio niliokuwa nimeandika kwamba hawana sauti.

Miaka kadhaa nyuma wasichana watatu wa bondeni walikuwa wamekuja kambini kwetu, waliporudi wakawasimulia mama zao. Baraza likakaa. Likakata shauri kwamba hakuna msichana wa bondeni atakayekwenda tena kambini Katesh. Waume zao walipewa uamuzi, na kila nilipokuja na bukta zangu walisema mila kwa sababu hakuna mmoja aliyekuwa tayari kumwambia afisa wa serikali kwamba amekatazwa na mkewe.

"Mtoto wangu kupika anajua," mama Udagwenga akaniambia. "Kuchota maji anajua. Anafuata nini kwenu?"

Miaka yote ile nilikuwa nahamasisha watu waliokuwa wananingoja niache upumbavu.

Wiki iliyofuata niliitwa barazani. Walikuwa kama arobaini, wamekaa chini kwenye uwanda wazi karibu na lambo, na nilikalishwa mbele yao juani. Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa akitafuna tumbaku, aliongea muda mrefu bila kunitazama. Mama Udagwenga akatafsiri kwa ufupi wa kuudhi.

"Anasema uliwachukua watoto kwa jina la kukimbia, ukawafanya watumishi wa wavulana. Na wewe ni mwanamke. Anasema ungekuwa mwanamume tungekutoza ng'ombe mmoja. Wewe pia mmoja, lakini awe mtamba."

"Kwa nini mtamba?" nikauliza.

Bibi akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema neno moja, na wanawake wote wakacheka. Mama Udagwenga alikataa kulitafsiri.

Niliporudi Katesh nikamweleza bosi wangu. Akaniuliza kama nimepigwa na jua. Alisema serikali haitozwi faini na akina mama wa porini, na kwamba hakuna kifungu. Mwalimu Sulle alicheka wiki nzima. Kila nikipita alilia kama ndama. Nikaenda Tlawi, nikamchukua mtamba wangu mwenyewe, mweusi mwenye baka kifuani, ambaye nilikuwa nimemweka awe mwanzo wa zizi langu. Kaka yangu Daniel alinisaidia kumshusha kwa lori la viazi, akinisema njia nzima. Wanawake walimpokea, wakamkagua meno, wakapaka siagi kidogo kwenye paji langu la uso, na mama Udagwenga akaniambia sasa yameisha. Nikaahidi mbele yao kwamba mtoto wao atakwenda kukimbia, na kazi yake itakuwa kukimbia tu. Nililia, sitaficha. Sikumbuki kupewa heshima kubwa kama ile katika utumishi wangu.

Kambi ya mwaka ule ilikuwa kichekesho. Nilifuta ule mstari wa "wasichana wapo" nikaandika zamu. Wavulana walipika siku ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ugali wa kwanza ulikuwa mbichi katikati na umeungua pembeni, na Mwalimu Sulle aliisukuma sahani akasema ninaua timu ya mpira. Nikamwambia timu iliyokuwa inafungwa kila mwaka ikiwa imeshiba inaweza kujaribu kufungwa na njaa. Jezi wakafua wenyewe. Mzazi mmoja alikuja kutoka mjini kulalamika kwamba mwanawe ameungua kidole. Wasichana kwa mara ya kwanza walilala mchana. Udagwenga alikuwa hajui afanye nini na huo mchana. Alikaa kwenye kivuli cha darasa akitazama mikono yake. Jioni alikimbia, nami nilimpima mara tatu kwa saa ya ofisi, nayo ya kunasa kama ile ya Mbulu, nikidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika. Katika mkoa mzima hapakuwa na msichana wa kumsogelea.

Tukaenda Babati. Nilimshonea suti ya michezo ya bluu yenye jina la Hanang mgongoni, na ninakiri nilikuwa namtembeza kama mtu anavyomtembeza fahali mnadani. Mashindano ya kwanza ya mkoa mpya, maturubai, spika, mgeni rasmi. Ratiba ilisema saa tatu ufunguzi, saa sita chakula, saa tisa mita elfu moja na mia tano wasichana. Mgeni rasmi alifika saa sita kasoro, akaanza kula. Chakula kilikuwa ndani ya bwalo la shule, uwanja uko nyuma ya majengo.

Bwana mmoja wa kamati ya maandalizi, mwenye beji mbili, alikuja kwetu maafisa michezo akiwa anahema. "Kila wilaya nipeni binti mmoja msafi wa kunawisha wageni," akasema. "Haraka jamani, mheshimiwa amekaa."

Wenzangu wakaanza kutazama wasichana wao. Nilitazama suti yangu ya bluu. Niliwaza kwamba mbio ni saa tisa, muda upo. Niliwaza pia, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba viongozi wote wa mkoa watamwona msichana wa Kibarbaig wa Hanang, amenyooka, amependeza, na watauliza kaletwa na nani.

"Udagwenga," nikasema, "kamata jagi hilo. Dakika kumi tu."

Alinitazama. Akachukua jagi na beseni, akaweka taulo begani.

Nami nikaingia, nikakaa, nikala. Kuku alikuwa mtamu. Mgeni rasmi alimaliza mapema, akasema ana shughuli nyingine saa nane, lakini kwa vile hotuba yake ilihusu kuinua michezo kwa wasichana angependa aone walau mbio moja ya wasichana kabla ya kuzungumza. Yule bwana wa beji akatoka mbio kwenda kupanga. Sisi wa meza za nyuma tulibaki tunatafuna, na wasichana wa jagi walibaki nasi kwa sababu watu ndiyo kwanza walikuwa wanamaliza kula na mikono ina mafuta. Nilisikia kipyenga nyuma ya majengo. Nikadhani wavulana wanapasha misuli.

Udagwenga alikuwa anamimina maji juu ya mikono yangu mwenyewe. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, zile siyo mbio zangu?"

Tulipofika uwanjani ndizo zilikuwa zimesogezwa mapema, na wakimbiaji walikuwa mzunguko wa mwisho. Msichana aliyeongoza alimaliza kwa muda ambao Udagwenga alikuwa anaupata akiwa na kikohozi. Nikaenda kwa waamuzi, nikaenda kwa kamati, nikapayuka. Wakaniambia mheshimiwa ameshatoa zawadi na barua za shule mbele ya watu, haziwezi kurudishwa, nijipange mwakani. Darasa la saba halina mwakani. Halafu tukakaa chini kwenye majani na kusikiliza hotuba juu ya kuinua michezo kwa wasichana, nusu saa nzima, na mimi nikapewa cheti cha uhamasishaji bora. Niliitwa kwa jina. Nilikwenda nikakipokea. Hata hilo nililifanya.

Ndani ya gari Udagwenga alilala njia nzima, au alijifanya. Nilipomfikisha kwao nilijaribu kumweleza mama yake langoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamshika mtoto mkono, wakaingia.

Nilingoja kuitwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilikuwa nimeshajua nastahili nini, na nilitaka nikitoe yaishe. Nikarudi Tlawi, nikamwomba Daniel mtamba wa kwake, tukamshusha tena kwa lori la viazi, safari hii hakunisema neno. Nikamfunga kamba na kutembea naye mwenyewe mpaka kwenye boma la Mzee Gidamaro.

Wanawake sita walikuwa wamekaa uani wakilainisha ngozi kwa siagi. Ngozi laini ya aina ile ina kazi moja, ni sketi ya mwanamke anayeolewa. Udagwenga alikuwa katikati yao, ameinamisha kichwa, naye anasugua. Nikasalimia. Wakaitikia kwa adabu kabisa, kama wanavyomwitikia mtu wa chanjo.

"Mama," nikamwambia mama yake, "nimeleta mtamba."

"Wa nini?"

"Wa faini. Nimewakosea tena."

Aliendelea kusugua ngozi.

"Baraza limekaa lini?" nikauliza. "Mbona sikuitwa?"

"Halijakaa."

"Litakaa lini?"

Hapo akainua uso. Hakuwa na hasira, na ndicho kilichonimaliza. "Mwalimu, faini tunamtoza mtu ambaye tutaendelea kuishi naye," akasema. "Huyo ng'ombe ni mzuri. Mrudishe asije akapotea huku."

Nilisimama pale nimeshika kamba. Nikamwita Udagwenga kwa jina. Yule bibi wa tumbaku, ambaye sikuwa nimemwona pembeni ya ukuta, akaniashiria kwa kidevu njia ya kutokea. Nikamgeuza mtamba, nikaondoka naye.